Makaburi ya zamani ya Wayahudi: maswali yenu, na kwa nini nasema picha kwanza, brashi baadae

Tangu niwasimulie kazi tunayojitolea huku Poland, kurekodi na kutunza makaburi ya kale ya Wayahudi, maswali yamekuwa mengi, leo nijibu machache.

*Kama wenyewe hawapo tena hapo, si yahamishwe tu ardhi itumike? (Mwanza)*

Ndugu yangu, hao wenyewe hawakuhama, waliuawa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Poland ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3 na karibu wote waliuliwa na Wanazi wa Ujerumani, kwa hiyo vijiji vingi hakuna hata mjukuu wa kufyeka majani. Halafu kwa dini yao aliyezikwa ile ardhi ni yake moja kwa moja, kumfukua ni mwiko, labda kwa sababu chache sana. Angalia yale makaburi ya zamani ya Wayahudi ya Prague, huko Czech, jiwe la kale kabisa ni la 1439 na waliendelea kuzika hapo mpaka 1787, eneo dogo na pa kupanulia hakuna, sasa wakafanyaje, wakawa wanaleta udongo wanamwaga juu ya makaburi wanazika tena juu, kuna sehemu inasemekana tabaka zimefika 12, na mawe ya chini wanayapandisha juu, ndo maana leo unakuta mawe kama 12,000 yamebanana yameegemeana, na waliolala chini ni wengi kuliko hayo mawe. Yaani tabu yote hiyo ili tu mtu asisumbuliwe. Halafu linganisha na Thessaloniki, Ugiriki, Desemba 1942 chini ya Wajerumani, makaburi ya watu zaidi ya laki 3 yakavunjwa, mawe yakabebwa kwenda kujengea, na leo pale juu kuna chuo kikuu. Mimi nikisikia neno "yahamishwe" nawaza hapo tu.

*Hayo mawe ya Poland yaliyong'olewa yalienda wapi? (Tanga)*

Barabarani, uani, kwenye kingo za mito. Wanazi walilazimisha yang'olewe yatandikwe njia, na baada ya vita wenyeji nao wakachukua, wengine wakachonga mawe ya kunolea visu, inauma lakini ndo ukweli. Mpaka leo fundi akichimbua barabara ya zamani anageuza jiwe anakuta maandishi ya Kiebrania upande wa chini. Yakirudishwa, mara nyingi haijulikani jiwe lilikuwa la kaburi lipi, kwa hiyo mawe hayo hujengwa ukuta wa kumbukumbu, pale makaburi ya Remuh mjini Kraków upo, mji wa Kazimierz Dolny upo. Na hata fensi siyo ya kuchimbia popote, maana shimo la nguzo linaweza kugusa mifupa, lazima marabi wa tume ya makaburi waulizwe kwanza mpaka wa makaburi uko wapi. Siku hizi wanarusha droni kupima eneo bila kukanyaga.

*Sijui Kiebrania hata herufi moja, nitasomaje? (Mombasa)*

Utaweza dada, tena wewe Mswahili una bahati. Tafuta neno *ben* au *bat*, ni bin na binti hizo hizo, baada yake ni jina la baba, kwa hiyo jiwe moja linakupa vizazi viwili hata kama jina la ukoo halipo, na mengi ya zamani halipo kweli. Herufi mbili za juu, pe na nun, ni "hapa amezikwa". Tano za mwisho ni dua kwamba roho yake ifungwe pamoja na walio hai, imetoka 1 Samweli 25:29. Halafu angalia picha zilizochongwa: mikono miwili imenyooshwa kama ya baraka ni ukoo wa makuhani, jagi ni Mlawi, mishumaa mara nyingi ni mwanamke, mti uliokatika ni aliyekufa kijana. Mwaka ni wa kalenda ya Kiyahudi, wameuandika kwa herufi, kila herufi ina namba yake, na elfu 5 wanaiacha, wewe jumlisha 1240, ukipata 600 basi ni 1840, ila kama alikufa miezi ya vuli, kabla ya Januari, toa mmoja.

*Naruhusiwa kusugua na brashi ya waya na jik? (Nakuru)*

Hapana hapana hapana. Jik inaingia ndani ya jiwe inalila taratibu, waya unakwangua maandishi. Chaki na unga wa kupaka ili herufi zionekane pia acha. Maji safi, brashi laini, na kama jiwe linapukutika usiliguse kabisa. Mimi siku zangu za mwanzo nilivuta mzizi wa mmea uliotambaa juu ya jiwe la mchanga, ukaja na ganda la jiwe na mstari mzima wa jina, na hatukuwa tumepiga picha, huyo mtu jina lake sitalijua tena na bado linanisumbua. Mmea unakatwa chini unaachwa ukauke wenyewe. Kwa hiyo picha kwanza, jiwe zima, halafu mwanga wa pembeni kwa kioo au tochi, herufi zilizofifia zinajitokeza vizuri tu.

*Kwa nini wanaweka vijiwe badala ya maua?*

Desturi, kuonesha mtu alipita akamkumbuka. Usiviondoe. Wanaume funika kichwa, na Jumamosi usiende.

*Huku kwetu yapo? (Lubumbashi)*

Yapo, na kwenu hapo historia ni nzito, maana Wayahudi wengi wa Lubumbashi walitoka kisiwa cha Rhodes kabla ya vita, na ndugu waliobaki kule walichukuliwa Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz. Nairobi yapo pia, na Uganda kule Mbale kuna kaburi la Semei Kakungulu aliyeanzisha jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Ukipata nafasi omba ruhusa kwa wasimamizi, piga picha kila jiwe mbele na nyuma, andika liko mstari wa ngapi, na uwaachie nakala wao kwanza.