Askofu na gongo

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni fundi viatu hapa Majengo. Juzi barazani shemeji yangu alidai mbele za watu kwamba kuna askofu wa Kianglikana aliyewahi kuichezea Uingereza kriketi. Nikamcheka, tukawekeana dau la sahani ya viazi karai. Askofu na gongo la kriketi wapi na wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Anza kutafuta hela za viazi.

Mtu mwenyewe ni David Sheppard, mzaliwa wa Reigate, Surrey, 1929. Alichezea jimbo la Sussex, Chuo Kikuu cha Cambridge, na timu ya Uingereza mechi 22 zile za siku tano. Mwaka 1954 aliiongoza mara mbili dhidi ya Pakistan. Mwaka 1955 akaingia utumishi wa kanisa, na mwaka uliofuata, pale Old Trafford, uwanja wa kriketi wa Manchester, akawatandika Waaustralia mikimbio 113, yaani alama 113.

Mie kwa miaka nimeandika hesabu za kriketi hapa Mombasa, penseli sikioni, daftari gotini, kusi ikinifunua kurasa kabla sijajumlisha. Hiyo 113 haitoki kichwani kwa sababu aliirudia vilevile. Ilikuwa Melbourne, Australia, ziara ya 1962-63. Zamu ya kwanza alitoka na sifuri. Ya pili akafika 113, akatolewa akiukimbilia mkimbio wa ushindi, na ushindi ukapatikana vivyo hivyo. Ila ziara ile mipira ilimponyoka mikononi hadi ikawa kichekesho. Mrushaji Fred Trueman, yasimuliwa, alimwambia ajifanye ni Jumapili, aviunganishe viganja. Wacheke wao. Mpira ule ni mgumu kama kokwa la embe kavu, na mshono wake umechomoza kama kovu. Ukikugonga ncha ya kidole, kucha inakuwa nyeusi. Mie ulinigonga mara moja tu, ndipo nikaomba daftari.

Ninachompendea hasa si mikimbio. Mwaka 1960 alikataa kucheza na timu ya Afrika Kusini, timu ya wazungu watupu, zama hizo za ubaguzi. Mwaka 1970 akawa mstari wa mbele kupinga ziara yao nyingine Uingereza, nayo ikafutwa. Aliambiwa anachanganya mchezo na siasa. Hebu! Aliyechagua wachezaji kwa rangi ya ngozi ndiye aliyechanganya.

Uaskofu aliupata Woolwich mwaka 1969, kisha Liverpool tangu 1975 hadi 1997. Huko akawa chanda na pete na Derek Worlock, askofu mkuu wa Wakatoliki; makanisa yao makuu yako ncha mbili za mtaa mmoja, Hope Street. Alifariki Machi 2005, siku moja kabla ya kutimiza miaka 76.

Ukitaka kupunguziwa deni, mwambie shemejiyo kwamba alipokuwa akicheza hakuwa askofu bado. Huenda akakubali nusu sahani. Ukwaju uzidishwe, na mie mnikumbuke.