2147483647: namba moja, maswali kibao

Juzi niliitaja hii namba kwa kupita tu, meseji zikamiminika. Najibu chache.

Gemu yangu hela ziligandia 2,147,483,647, haziongezeki tena. Nimefungiwa?

Hujafungiwa, kisanduku kimejaa. Programu nyingi huhifadhi namba kwenye biti 32 (nafasi 32, kila moja inabeba 0 au 1), moja inatumika kuonyesha chanya au hasi, zinabaki 31, ukizijaza zote ndo unafika hapo, yaani 2 kipeo cha 31 toa 1. Kama hupendi mambo ya biti chukua kibubu: tarehe 1 Januari tumbukiza shilingi 1, kesho yake 2, kesho kutwa 4, unadabo hivyohivyo mpaka tarehe 31, ukikivunja unakuta hiyohiyo, haizidi haipungui. (Tarehe 31 peke yake inataka bilioni moja na ushee, kwa hiyo usianze.)

Mwalimu wangu alisema ni namba tasa. Nani alikaa akagawa yote hayo bila kalkuleta?

Mwanahisabati Leonhard Euler, 1772, yuko St Petersburg, Urusi, mzee wa miaka 60 na kitu na macho karibu yote yameshazima. Na hapa ndo napenda sana, maana hakutumia nguvu. Sisi wa kawaida tungejaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili, kama 46,340 hivi, na hizo ni zaidi ya elfu nne. Yeye alijua kwamba kigawo chochote cha hii namba, kama kipo, lazima ukikigawa kwa 62 kibaki 1, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7, basi. Kwa sharti hilo zinabaki namba zisizofika 400, na nyingine kati ya hizo hata sio tasa unazirusha. Ya kwanza ya maana ni 311. Jaribu mwenyewe, inabaki 35. Akaendelea hivyo mpaka mwisho, hakuna iliyoingia.

Kwa hiyo 2 kipeo chochote toa 1 ni tasa?

Wapi! Kipeo 11 kinakupa 2047, ambayo ni 23 mara 89. Hata mwanahisabati Pietro Cataldi wa Italia, karibu karne mbili kabla ya Euler, alisema kipeo 23, 29, 31 na 37 zote zinatoa tasa, akapatia 31 tu. Na YouTube walipohama biti 32 kwenda 64 mwaka 2014, kwa sababu watazamaji wa video ya wimbo wa Gangnam Style walikuwa wanaelekea kuvuka hii namba yetu, kikomo kipya ni 2 kipeo cha 63 toa 1, kubwa balaa lakini inagawanyika kwa 7 vizuri tu.

Eti 2038 simu zitazima?

Kuzima hapana. Saa za mifumo mingi ya zamani zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwenye biti 32 hizohizo, na zinajaa Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata hesabu inageuka kuwa hasi, na mfumo ambao haujarekebishwa utajiona uko Desemba 1901. Simu mpya nyingi zina biti 64, mimi wasiwasi wangu ni yale mamashine yaliyosahaulika stoo yanayoendesha pampu na mageti.