Usimfiche mama kuku, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba mama, huku Singida wote wazima, baba yako goti limepoa anakusalimia sana. Meseji yako niliisoma jana usiku nikalala naiwaza. Kwamba tetea wako katotoa vifaranga 11, bandani kuna kuku wengine tisa na jogoo, jirani anasema umnyang'anye watoto uwalee kwenye boksi la taa, na wewe unaniuliza umfungie mbali na wenzake mpaka watoto wakue au uwaache humohumo. Waache humohumo. Ila sio kufungua tu mlango asubuhi kila mmoja na lake, hapana, kuna namna yake.

Wewe ulikuwa darasa la tatu sijui kama unakumbuka, nilikuwa na kishingo mmoja mlezi hasa, alipototoa nikamhamishia stoo na watoto wake wiki sita nzima, nia yangu nzuri kabisa, siku namrudisha bandani wenzake wakamkataa. Kuku wana ukubwa wao, wanajuana nani anatangulia kwenye pumba na nani anapisha, sasa ukimtoa mmoja siku zote hizo nafasi yake inazibwa, akirudi ni mgeni kama mgeni mwingine. Walimpiga kichwa kikajaa damu, na wakati anajitetea yeye watoto hawana wa kuwatetea, siku mbili tu vifaranga wanne wamekufa. Iliniuma sana. Tangu hapo mtu akiniambia kamtenga kuku wake namuuliza umemtenga wapi, wanaonana?

Maana kuonana ndo kila kitu. Chukua kona ya banda hilohilo, uizibe na waya, mama akae humo na watoto wake na chakula chao na maji yao, awaone wenzake na wenzake wamuone, wazoee na sauti za hao watoto. Kona isiwe chini ya fito wanazolalia wakubwa, kinyesi chote kitawaangukia. Na huo waya sehemu ya chini uwe wa matundu madogo, kifaranga wa siku mbili anapita pale ambapo hata hukufikiria, akishavuka mama anamwona ila hawezi kumfikia, ndo hapo wanadonolewa. Maji weka kwenye kisahani kifupi na kokoto ndani wasizame. Alafu siku mbili za mwanzo ukiona hawali sana usihangaike, bado wana kiini cha yai tumboni kinawalisha.

Zikifika siku kama kumi hivi wakiwa wamechangamka, fungua jioni, saa kumi na moja, wakubwa wameshiba wanawaza kupanda kulala, na wewe uwepo hapohapo usiende kupika. Mama atavimba manyoya, atamrukia mmoja au wawili, wewe muache tu usimshike, anawaambia hawa ni wangu. Jogoo mara nyingi hana neno, wengine ata huwaita watoto wakipata mdudu. Mimi naogopa zaidi yale matembe ambayo hayajaanza kutaga, ndo wadonoaji wabaya. Ukimuona mmoja anarudiarudia kuwafuata watoto, mtoe yeye siku tatu nne. Sio mama. Yeye ndo akirudi ajikute mgeni.

Chakula sasa, maana umesema unawapa leyazi, hicho chakula cha kuku wanaotaga. Leyazi ina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai, kifaranga akiila kila siku inamharibu figo. Bora wote wale cha vifaranga kwa muda huo, alafu wanaotaga uwawekee pembeni maganda ya mayai uliyoyakausha ukayasaga, anayehitaji atadonoa mwenyewe. Kama bei inakubana, funika chakula cha watoto kwa tenga lililoinuliwa juu ya vipande vya matofali, wadogo wanapita chini wakubwa wanabaki nje wanachungulia. Ukipata mchwa wape, utamsikia mama anavyowaita, anaushika anauachia mpaka wajue ndo chakula. Boksi la taa halina hiyo, na umeme ukikatika saa nane usiku nani atawafunika?

Ugonjwa wa kideri tafadhali usiuchezee. Mwaka juzi huku banda zima la mtu limekwisha ndani ya wiki. Wewe uko Kibaha na TVLA, wale wa maabara ya mifugo ya serikali, wanatengeneza chanjo hapohapo Kibaha, tone moja jichoni kila kuku, wakubwa na wadogo, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Muulize mtu wa mifugo hapo kwenu hao wadogo waanze lini, na umuulize chanjo ya magonjwa ya gumboro na ndui pia.

Kila jioni ingia uwahesabu, wote 11, mchana kuna mwewe usiku kuna kicheche.

Kuna siku, wiki ya saba au ya nane, wengine ata mwezi wa tatu, mama ataanza kuwadonoa watoto wake mwenyewe. Usishtuke, anataka kurudi kutaga. Hapo ndo wanahitaji kona yao kuliko mwanzo maana hawana tena wa kuwapigania, kwaiyo ule waya usiubomoe, toboa tu kimlango wanachopita wao, wakifukuzwa wakimbilie humo. Watu wengi wanawapoteza hapo, walishawaona wakubwa wakaacha kuwaangalia.

Waya usinunue, baba yako ana kipande kilichobaki kwenye uzio wa mchicha, nampa konda wa basi la kesho kutwa akushushie hapo Mailimoja. Nitumie picha wakiwa chini ya mama yao.

Mama yako