Risasi inapopanda katika damu ingawa barakoa zinavaliwa

Ndugu msimamizi, umeeleza kwamba katika kiwanda chenu cha oksidi ya risasi (unga wenye risasi, yaani metali yenye sumu iitwayo "lead" kwa Kiingereza), kiwango cha risasi katika damu ya wafanyakazi watatu wa kufungasha kinazidi kupanda ingawa wote huvaa barakoa, nawe unauliza kama uwabadilishie zamu. Kuwazungusha kutagawanya sumu kwa watu wengi zaidi, ilhali vumbi litabaki palepale.

Anzeni pale mfuko unapojazwa: mdomo wa mashine uzibwe vizuri, na feni ya kunyonya ivute vumbi kabla halijafika puani. Pigeni marufuku ufagio mkavu na hewa ya kompresa. Tumieni maji au mashine ya kunyonya yenye kichujio madhubuti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 inaweka kikomo cha mikrogramu 50 za risasi kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8, na anayefikia mikrogramu 60 kwa desilita ya damu huondolewa kwenye kazi yenye risasi bila kupunguziwa mshahara. Mimi nisingesubiri kiwango hicho, kwa maana Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa tangu mikrogramu 5 kwa desilita ya damu.

Risasi humezwa pia, kwa hiyo chakula na sigara visiingie kabisa karakanani. Nakusihi hasa kuhusu nguo: zifuliwe kiwandani, na kila mtu aoge kabla ya kuondoka, kwa sababu vumbi linalofika nyumbani huwadhuru watoto, ambao ubongo wao bado unakua.