Maswali ya Wasomaji: Bosi wa Kufoka Si Komando

Toleo lililopita tulieleza kidogo vile makomando wa majini wa Marekani, wale Navy SEALs, wanavyochujwa, na tangu hapo meseji hazijakatika. Wengi mwauliza jambo moja, haya mambo ya jeshini yatatufaa vipi sisi watu wa kazi na biashara hapa Mombasa. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lililomo nalisikia kwa mabosi wengi mjini humu, na linaumiza watu.

SWALI: Salaam mwalimu. Mimi ni supervaiza godauni moja hapa Shimanzi, nina vijana 12 wa kupakia na kupakua. Nimekuwa nikiangalia video za trening ya makomando kwenye simu nikaona hapa ndio dawa, nikaanzisha nidhamu ya jeshi, anayechelewa apiga pushapu mbele ya wenzake, paredi kila asubuhi, maswali sitaki. Mwanzo kazi ilikwenda mbio kweli, lakini sasa vijana watatu wameacha, na juzi magunia ya mchele yamelowa kwa mvua kwa sababu turubai lilikuwa limechanika na kuna kijana alijua tangu asubuhi hakusema. Nikaze zaidi ama nifanyeje? – Supervaiza, Shimanzi

JIBU: Ndugu yangu usikaze. Hizo video unazoangalia ni za kuchuja watu, sio za kazi yenyewe. Wale wanaofoka ufukweni Coronado, kule California, ni wakufunzi na kazi yao ni kujua mapema nani ataacha akishachoka, manake ile wiki yao ngumu kuliko zote ni siku tano na nusu za baridi, mchanga na mawimbi, na usingizi wote wa wiki ukiujumlisha wapata kama saa 4 hivi. Anayeshindwa agonga kengele mara 3, aweka kofia yake ngumu chini kwenye mstari na za wenzake, aondoka. Basi. Anayepita yote akafika kikosini hafokewi hivyo kila siku, akuta watu wachache wanaojuana kwa undani na kiongozi ambaye lazima awasikilize kwa sababu maisha yake yamo mikononi mwao. Wewe umechukua mlango ukadhani ndio nyumba.

Na kuna kitu kwenye hizo video huenda hukukiangalia vizuri. Kwenye trening ile maafisa na askari wa kawaida wanapita pamoja, mabosi hawana kozi yao nyepesi pembeni. Wanagawanywa kwa vimo, wafupi na wafupi, warefu na warefu, kila kundi na boti lake la mpira ambalo wanalibeba vichwani wakikimbia nalo mpaka wakienda kula. Afisa naye kichwa chake kiko chini ya boti hilo hilo, na akijikunyata apunguze mzigo, uzito wamwendea mwenzake na kundi zima linajua ni nani. Sasa nikuulize kwa heshima, mara ya mwisho wewe kubeba gunia na vijana wako ilikuwa lini? Sisemi ubebe kutwa, una kazi zako za karatasi na madereva, lakini lori la mwisho jua likiwa kali, shuka, ubebe na wao, hata nusu saa. Hapo ukimwambia mtu kaza kidogo atakaza.

Tuje kwenye hilo turubai, manake hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mwaka 1941 jangwani Afrika Kaskazini kulikuwa na afisa kijana wa Uingereza aitwaye David Stirling, yeye alisema badala ya kupeleka askari 200 kushambulia uwanja wa ndege, peleka watu wanne watano wanaojua kazi. Hapo ndipo ilipozaliwa SAS, kikosi maalumu cha makomando wa Uingereza. Na kikosi kidogo hivyo hakiwezi kuendeshwa na kichwa kimoja. Mpaka leo wao wana desturi kwamba plani ikipangwa wanakaa wote, na askari wa cheo cha chini kabisa anaweza kusema mkubwa, hii plani hapa ina tundu, na hakuna wa kumkodolea macho. Mwisho kamanda ndiye aamuaye, na akishaamua ubishi umeisha, lakini kabla ya kuamua midomo iko wazi. Hawafanyi hivyo kwa upole wao. Yule mdogo pengine ndiye aliyelala kichakani siku mbili akitazama mlango wa adui, anajua kitu ambacho meja hakijui, na akinyamaza watu wanakufa.

Kwako wewe aliyejua kitu alikuwa kijana mmoja wa kubeba magunia, na wewe mwenyewe ndiye ulimfunza kunyamaza. Nakwambia hivi nikiwa na uchungu na wewe na yeye pia, kwa sababu huyo kijana huenda aliliona turubai, akafikiria kusema, akakumbuka pushapu.

Sasa fanya hivi. Jeshi la Marekani lina kikao linachofanya baada ya kila zoezi, walikishika kwa utaratibu miaka ya 80 kwenye kambi yao ya mazoezi Fort Irwin, na vikosi maalumu nao hawakiachi hata wakirudi alfajiri wamechoka vipi. Maswali yake ni manne tu: tulikuwa tumepanga nini, kimetokea nini, kwa nini tofauti hiyo, na kesho tunabadilisha nini. Vyeo vinawekwa kando kwa muda huo. Wewe fanya dakika 10 jioni kabla watu hawajatawanyika, chini ya kivuli, agiza kahawa tungu na kashata kama unaweza, na uanze wewe kusema lako, mfano leo nilichelewa kuwapa orodha ya malori ndio maana mkasimama saa nzima. Ukianza na kosa la kijana wako, wengine wote watafunga midomo hapo hapo. Na ukimkata mtu pesa kwa alichosema kwenye kikao, kikao kimekufa siku hio hio hata ukiendelea kukiita kila jioni. Kingine, yakisemwa yafanyiwe kazi. Wakikwambia turubai bovu leo, kesho asubuhi walione jipya au limeshonwa, hata kama ni kwa kamba.

Kuchelewa sijasema ukuache, saa ni saa, lakini kwanza ujue sababu, manake anayevuka feri ya Likoni na anayeishi hapo Makande hawana asubuhi moja. Mwenye sababu panga naye zamu, asiye na sababu mwambie mkiwa wawili, sio mbele ya watu.

Na hizo pushapu za adhabu ziache kabisa. Februari 2022 kijana wa miaka 24 alimaliza ile wiki ngumu ya SEALs na akafa saa chache baadaye, mapafu yalikuwa yameugua, na uchunguzi wa jeshi lenyewe ukaja kuonyesha uangalizi wa kiafya ulikuwa na mapungufu makubwa. Hao wana madaktari na ambulensi karibu, wewe kwenye joto letu hili la Machi una nini godauni hapo, hata sanduku la huduma ya kwanza lipo? Hao vijana watatu walioacha wapigie simu. Si lazima warudi, lakini waulize kwa nini waliondoka, na wakijibu usijitetee.

SWALI: Asalaam aleikum. Mie napika shughuli za harusi na maulidi, mimi na mawifi zangu na vijana wawili wa kubeba. Kila shughuli haikosi jambo, mara gesi yaisha biriani iko jikoni, mara pikapu haiji, na mimi huchanganyikiwa mpaka nalia. Hawa makomando wafanyaje hata mambo yakiharibika wao wako sawa tu? – Mama Biriani, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Wao pia huharibikiwa, tena vibaya. Aprili 1980 Wamarekani walituma helikopta 8 kwenda kuwaokoa watu wao waliokuwa wameshikwa Tehran, kule Iran, na hesabu yao ilikuwa zikiwa chini ya 6 kazi haiwezekani. Moja iliharibika ikaachwa jangwani, moja ikarudi kwa ajili ya vumbi, zikafika 6, na moja ya hizo ikawa na hitilafu, zimebaki 5. Wakafuta kazi yote, na wakati wa kuondoka helikopta ikagonga ndege hapo jangwani wakafa watu 8. Lile janga liliwafanya wapange upya vikosi vyao vyote maalumu. Halafu angalia mwaka 2011, ule usiku waliomfuata Osama bin Laden kule Pakistan, helikopta ya kwanza iliangukia uani kwa nyumba yenyewe, lakini hawakurudi, kwa sababu walikuwa wamefanya mazoezi kwenye nyumba ya mfano na helikopta za akiba zilikuwa tayari zinangoja. Kwa hivyo huo utulivu unaouona sio moyo wa chuma, ni kazi iliyofanywa wiki za nyuma.

Wana msemo wao kwamba mbili ni moja na moja si kitu. Kwako ni mtungi wa pili wa gesi uliojaa, au kuni na mafiga pembeni, na dereva wa pili ambaye umeongea naye jana yake ukamwambia nikikupigia asubuhi utakuja na hata usipokuja nitakupa cha soda. Namba tu kwenye simu si dereva. Siku mbili kabla ya shughuli kaa na mawifi zako, kila mmoja aseme kitu kimoja kinachoweza kuharibika, na kila kitu kipewe mtu wake kwa jina, wewe usijipe vyote. Na siku yenyewe ukihisi machozi yaja, simama kando, vuta pumzi ukihesabu 4, zuia 4, toa 4, ngoja 4, urudie mara kadhaa. SEALs wanafundishwa pumzi hii. Haileti gesi, lakini itakurudishia akili ya kuitafuta.

SWALI: Mwalimu mambo, mimi nimemaliza fomu foo niko tu home. Nilijiwekea programu ya kikomando, kuamka saa kumi alfajiri, kuoga maji baridi, kukimbia bichi, kusoma, kulala saa sita usiku. Siku ya nne naanguka. Nimejaribu mara nyingi, naona sina moyo. – Kijana, Bamburi

JIBU: Moyo unao mwanangu, aliyekosa moyo hajaribu tena na tena. Kwanza lala. Kukosa usingizi kule ni mtihani wa wiki moja, hakuna kikosi kinachoishi hivyo mwaka mzima, na wewe ukipata usingizi wa masaa manne tu kila siku, hio siku ya nne lazima uanguke, huo ni mwili si tabia mbaya. Pili, jeshini hakuna anayefanya hayo peke yake. Kila mmoja kwenye trening ya majini ana mwenzake wa kuogelea naye na haruhusiwi kumwacha, akimwacha ni kosa kubwa. Wewe tafuta mmoja hapo mtaani, si lazima awe hodari, awe tu mtu wa kukugongea dirisha, na mchague jambo moja, hilo la kukimbia kwa mfano, mengine yangoje.

Halafu hao SAS niliowataja juu, kazi yao ya kwanza Novemba 1941 waliruka kwa miamvuli ndani ya dhoruba ingawa walishaonywa kuhusu upepo, waliruka zaidi ya 50 na waliorudi hawakufika nusu, na hakuna ndege ya adui waliyoharibu. Mwezi uliofuata wakarudi, safari hii wakibebwa kwa magari na kikosi kingine kilichojua njia za jangwa, wakaharibu ndege nyingi sana. Walichobadilisha ni njia ya kufika. Na wewe badilisha njia. Kama saa kumi alfajiri huiwezi, kimbia jioni maji yakiwa yamekupwa.

SWALI: Mume wangu alistaafu jeshi, aendesha nyumba kwa amri, watoto wakisikia geti wanakimbilia chumbani. Sasa nikisoma mambo yenu ya makomando naogopa atazidi. – Mama wa watatu, Likoni

JIBU: Mamangu pole, na usimfiche makala haya, mpe asome, yeye ajua zaidi yangu. Wanajeshi wa majini wa Marekani, wale Marines, ambao si hao SEALs, wana desturi kwamba chakula kikija wadogo wanaanza na mkubwa apakua mwisho, na mkubwa anayekula kwanza wanamwona hafai. Muulize kwa upole, mkiwa wawili na watoto wamelala, wakubwa aliowapenda yeye alipokuwa jeshini walikuwa ni wale wa kufoka au wengine. Mwache ajibu, usimjibie. Na mpe kitu cha kufanya na watoto ambacho yeye ndiye hodari, kuwafunza kuogelea, kutengeneza baiskeli, manake mtu aliyeamka na majukumu miaka yote akaja kukaa sebuleni bila kazi, amri ndio kitu pekee kilichombakia. Lakini kama halali usiku, anashtuka shtuka, au amewahi kukupiga wewe au mtoto, hapo si mambo ya uongozi tena. Kwa kushtuka na kukosa usingizi nendeni kwa daktari au mshauri nasaha, wengi waliotoka vitani wamesaidika na si aibu hata kidogo. Kwa kupiga, usikae nayo, toa habari kwa wazee wa familia mnaowaamini na polisi, na watoto uwaweke mahali salama kwanza. Niandikie tena unieleze ni lipi kati ya hayo, sitachapisha barua yako.