Kuchagua choki mpya kwa taa za zamani za tyubu

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: taa zako za futi 4 zinavuma, choki moja (kifaa kinachodhibiti mkondo wa umeme unaoingia kwenye tyubu) imevuja kitu cheusi kama lami, na unauliza kama choki yoyote yenye umbo lile itafaa. Haitafaa. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kava, kisha usome maandishi ya choki na ya ncha ya tyubu, kwani vinavyopaswa kulingana ni wati, volti na mkondo. Kwa tyubu ya wati 36 choki huandikwa 230 V, 50 Hz na takribani ampea 0.43. Ukifunga ya wati 58, mkondo utazidi na tyubu itaungua mapema.

Choki ya kielektroniki haivumi wala haipepesi, ila stata (kifaa kidogo cha kuwashia tyubu) huondolewa na nyaya hufungwa upya kwa kufuata mchoro uliobandikwa juu yake. Hata hivyo, umeme wa kwenu ukiwa wa kupanda na kushuka, mimi ningebaki na ile ya zamani ya waya uliozungushwa kwenye chuma, nzito kama jiwe, kwa kuwa huvumilia zaidi.

Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme ndani ya taa) ya kabla ya miaka ya 1980 huenda ikawa na mafuta yenye sumu. Usiipasue, mwite fundi umeme mwenye leseni.