Maswali ya Wasomaji: Je, Tawi la Mzabibu Husafishwa au Hukatwa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nyumbani kwetu Hombolo tuna desturi ya kusoma Biblia kila jioni baada ya chakula, na juma lililopita zamu ilikuwa ya binti yetu mkubwa, akasoma Yohana 15. Alipofika mstari wa pili, “na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa,” baba mkwe, ambaye amelima zabibu tangu ujana wake, alimkatiza akasema kwamba tawi halisafishwi kama sufuria bali hupogolewa, na kwamba aliyetafsiri hakuwahi kushika mkasi. Je, ni kosa la tafsiri? Pili, binti huyo amepata sifuri katika mtihani wa kidato cha nne, na kaka yangu aliyekuwapo jioni ile alimwambia mbele yetu sote kwamba huko ndiko kupogolewa na Mungu. Tangu siku hiyo zamu yake ikifika huomba mwingine asome. Mwisho, wadogo zake husinzia kabla hatujafika katikati ya sura. Tuwaache walale?

Mama wa watoto wanne, Hombolo, Dodoma

JIBU: Amina, Mama. Naomba nianze kwa kumpa baba mkwe wako haki yake, kwa kuwa mstari huo unahusu kazi anayoijua kuliko wengi wetu tunaousoma mimbarani. Kinachofanyika shambani ni kukata, wala hakuna ubishi. Hata hivyo, wafasiri wa Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, hawakuteleza. Katika Kigiriki Yohana ameweka maneno mawili yanayokaribiana sauti: tawi lisilozaa mkulima “airei”, yaani huliondoa, na lile lizaalo “kathairei”, yaani hulisafisha, neno ambalo Wagiriki walilitumia hata kwa nafaka inayopepetwa. Sisi wenyewe husema tunakwenda kusafisha shamba tukiwa na panga mkononi, na hakuna jirani anayedhani tumebeba sabuni.

Tena kama wangeandika “hulipogoa”, uzi unaoushona mstari wa pili na wa tatu ungekatika, kwa maana Yesu anaendelea kusema: “Ninyi mmekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno nililowaambia.” Neno “safi” hapo limetoka katika shina lile lile la “kathairei”, na ndilo alilolitumia usiku huo huo alipokuwa akiwatawadha wanafunzi miguu, aliposema, “nanyi mmekuwa safi, lakini si nyote.” Msikilizaji wa Kigiriki aliusikia mkasi wa shambani na beseni la maji kwa pamoja. Kiswahili kimebahatika kuwa na neno moja linaloweza kubeba yote mawili, ingawa kwa sikio la mkulima beseni ndilo hutangulia.

Swali lako la pili linajibiwa na mstari huo huo wa tatu. Mkasi wa sura hii umetajwa, nao ni neno ambalo Kristo alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake. Kaka yako ameutwaa akaupa jina la matokeo ya mtihani, jambo ambalo Yohana hakuliandika. Sikatai kwamba Waebrania 12 inasema Mungu huwarudi wanawe. Lakini mwandishi yule anasema tunda lake huonekana baadaye, na anayeweza kulishuhudia ni yule aliyepitishwa humo, si mjomba wake katika juma la matokeo. Wanafunzi nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka maelezo ya haraka, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na katika Yohana 9 Bwana anayakataa majibu yote mawili waliyokuja nayo.

Naandika haya nikiwa na deni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumfariji mama mmoja aliyefiwa, nikamkuta ameketi uani anapepeta uwele, nikamweleza kwa kirefu jinsi Mungu anavyopogoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba kwa upole nisogee, kwa kuwa nilikuwa nimeukanyaga mkeka wa nafaka.

Baba mkwe anaweza kuwasaidia hapa kuliko mimi. Mwombeni siku ya kupogoa ukifika wakati wake amchukue binti shambani, amwonyeshe anavyohesabu macho ya tawi, yaani mahali pa kuchipukia, ya kubakiza kabla ya kukata, na jinsi maji yanavyodondoka kwenye kidonda cha tawi tone kwa tone. Mizabibu yetu ya Dodoma haina majira ya theluji ya kuilaza usingizi kama ile ya Ulaya. Mkasi ndio unaoiamsha, na ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wakirudi, someni Isaya 5, ambako mwenye shamba, alipochoshwa na mzabibu wake, alitishia kwamba hautapogolewa tena wala kulimwa. Mizani imegeuka huko: kinachotisha ni kuachwa bila mkasi.

Kama arudie mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea au ajiunge na chuo cha ufundi, hilo ni shauri lenu, lake na la walimu wake, na ningependa lizungumzwe mchana, wakati wake mbali na zamu ya kusoma. Zamu yake mrudishieni kwa sura nyingine, bila hotuba. Kaka yako naye akija, mpeni asome Yohana 9 kwa sauti.

Kuhusu wadogo, msiwaamshe. Katika Matendo 20 Eutiko alilemewa na usingizi huku Paulo mwenyewe akihubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Wa kwenu, nadhani, wanasinzia mkekani.